Mbuzi wa Bi Kubra Aliyepotea

Kijiwe hiki cha Rahaleo hakina jina la kuandikwa kibaoni. Watu husema tu "pale kwa Mita", kwa sababu benchi limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi la Feroz, na Feroz mwenyewe alipewa jina la Mita kwa vile hakuna kitu asichokipima, hata maneno ya watu. Mbele ya benchi hukaa Mzee Selemani na dele lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye sinia, na methali zisizoisha wala zisizofika zinakotumwa. Huyo ndiye Methali. Upande wa jua hukaa Stefano, aliyeendesha winchi bandarini mpaka akastaafu, na jina la Winchi likastaafu naye. Asubuhi hiyo msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, malori yanashuka bandarini moja mkiani mwa jingine, na vumbi linakunywa kahawa kabla ya wenye kahawa. Ndipo Kassimu akatokea anasukuma pikipiki yake. Haendeshi, anasukuma, kama mtu asiyetaka kusikika. Hilo peke yake liliwashtua wenzake, maana Kassimu kazi yake ni kusikika. Ndiye Honi. Spika iliyofungwa nyuma ya pikipiki yake ndiyo hutangaza misiba, harusi na mikutano kuanzia Rahaleo hadi Mikindani.

— Honi leo umezima? — aliuliza Winchi.

— Nimeharibu, kaka.

— Umeharibu pikipiki?

— Nimeharibu Kiswahili.

Mzee Selemani akammiminia kikombe bila kuulizwa. Kassimu akakipokea, asikinywe.

— Juzi nilitangaza mbuzi, — alisema. — Leo mji mzima unamtafuta Bi Kubra.

Bi Kubra wote walikuwa wanamjua. Ni mjane wa Kihindi wa hapo hapo mtaani, anauza achari na pilipili za kusaga barazani kwake, na tangu mwanawe Owais ahamie Dar es Salaam anaishi peke yake na beberu mmoja mweupe. Beberu huyo ndiye aliyekata kamba akaondoka.

— Hebu litoe hilo tangazo kama ulivyolitoa, — alisema Feroz kutoka mlangoni mwa duka lake. — Tulipime.

Kassimu akasimama. Aibu anayo, lakini sauti ya kazi haijui aibu. Ikatoka nzima, na mkono ukashika maiki isiyokuwepo.

— Tangazo, tangazo! Wananchi wa Rahaleo na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba, mbuzi wa Bi Kubra wa jirani na msikiti, aliyetoroka nyumbani jana alasiri na kuelekea kusikojulikana, mweupe, mnene kiasi, mwenye ndevu, anayechechemea mguu mmoja, anatafutwa, na yeyote atakayemwona, amfunge kamba na kutoa taarifa haraka!

Akaishusha maiki isiyokuwepo.

— Sasa hapo mwenye ndevu ni nani? — aliuliza Winchi.

— Mbuzi, jamani!

— Wewe unajua ni mbuzi kwa sababu ulimwona. Sisi tunakusikia unapita kwa kasi, upepo unakula nusu. Mimi nimepata "Bi Kubra aliyetoroka".

— Na hivyo ndivyo walivyopata wote, — alisema Kassimu akikaa. — Mikindani wanasema kakimbia nyumba. Dereva mmoja wa lori kaibeba habari hadi Kilambo, na kule kwenye kivuko naambiwa wavushaji wanamkagua kila mama wa Kihindi anayetaka kuvuka Ruvuma, wanamtazama kidevu, kisha wanamwambia, mama, hebu tembea kidogo tuone.

Winchi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kassimu hakucheka.

— Mwenye harusi ya Jumamosi kanipigia simu leo. Anauliza, hivi na mimi nikikupa tangazo la mwanangu, watu si watasikia anaolewa mwingine? Kasema atafikiria. Mtu akikwambia atafikiria, kazi imekwenda.

— Na mbuzi?

— Mbuzi karudi jana. Kuna mama anaitwa Rukia, anauza mihogo kule Magomeni, kamkuta chini ya mikorosho amelewa mabibo. Kamrudisha kwa kamba. Mbuzi hana tatizo. Tatizo ni sentensi. Alasiri hii natoka kusahihisha, na sitaki nisahihishe kosa kwa kosa. Nitengenezeeni.

Hapo kijiwe kikajiweka sawa. Feroz akatoka dukani kabisa na kijiti chake cha meno. Mzee Selemani akachochea mkaa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alianza mzee. — Ndiyo maana mbuzi anachechemea.

— Mzee, subiri kidogo, — alisema Winchi. — Honi, sikiliza. Kule bandarini, kabla hujanyanyua kitu, unauliza swali moja tu: ndoano imeshika nini? Hujali turubai, hujali kamba zinazoning'inia. Ndoano imeshika nini, na kinakwenda wapi. Sentensi nayo iko hivyo hivyo. Nani, kafanya nini. Mengine yote yavue uyaweke chini, usikilize kilichobaki hewani.

— Nivue?

— Vua. Hebu tujaribu kwa tangazo lako jingine. Lile la wakulima.

Kassimu alilikumbuka mara moja, alilipenda lile.

— Kikao cha wakulima wote wa korosho wa vijiji vya jirani, pamoja na viongozi wao wa ushirika, watafanyika Jumamosi.

— Haya, ndoano imeshika nini?

— Kikao.

— Kimefanya nini?

— Wata... — Kassimu akasita. — Watafanyika.

— Yaseme pamoja.

— Kikao watafanyika.

Aliposikia mdomo wake mwenyewe unasema hivyo, aliweka kikombe chini. Wiki nzima alipita nalo lile tangazo, Naliendele kote, kifua mbele. Hakuna aliyemshtua. Yeye mwenyewe hakusikia. Wale wakulima na viongozi wao walikuwa wamejaa katikati ya njia, na kitenzi kilipofika kikawaamkia wao, kikao kikaachwa peke yake kule mwanzoni. Akajaribu tena polepole, kama mtu anayegusa jino kwa ulimi:

— Kikao kitafanyika. Kikao cha wakulima wote wa korosho... kitafanyika. Ala! Kumbe ukishajua, unaweza kuwarudisha wote na kisiharibike.

— Ndiyo maana yake. Hukukivua ili kibaki uchi. Umekivua ukikague, kisha ukivike.

— Haraka haraka haina baraka, — alisema Mzee Selemani. — Kitenzi kilichelewa kwa hiyo kina baraka.

Feroz alitikisa kichwa.

— Haya ni mambo ya darasa la nne. Kiima na kiarifu. Mtu mzima hawezi kukosea hapo.

Winchi aliinua tu kidole kuelekea ubao uliotundikwa juu ya mlango wa duka, wenye maandishi mekundu ya Feroz mwenyewe: *Uuzaji wa saruji, misumari na mabati yamesitishwa kwa muda.*

— Vua, — alisema Winchi.

Feroz aliusoma ubao wake. Midomo ilicheza.

— Uuzaji... yamesitishwa.

— Enhe.

— Lakini ni mabati yaliyokosekana!

— Mabati hayasitishwi, Mita. Yanasitishwaje? Yalikuwa yanafanya nini?

Feroz aliingia ndani, akarudi na kitambaa, akasimama chini ya ubao akiutazama kama mtu anayepanga safari. Hakuufuta. Alisema rangi hiyo ni ya mafuta.

Kassimu sasa alikuwa amechangamka. Kulikuwa na kitu kinamtekenya ndani, kama siku ya kwanza alipofungua spika kuona sauti inatokea wapi. Akaanza kuvua kila kitu kilichokuja kichwani: mahubiri, taarifa za redio, maneno ya mkewe. Kisha akakumbuka kilichomleta.

— Sasa twende kwa mbuzi. Mbuzi wa Bi Kubra aliyetoroka anatafutwa. Navua. Mbuzi anatafutwa. Mbona ni sawa?

— Ni sawa, — alisema Winchi.

— Kitenzi kimepatana.

— Kimepatana.

— Sasa kwa nini Bi Kubra anakaguliwa kidevu kule Kilambo?

Winchi alikuna shingo. Alivua kimoyomoyo, midomo inatembea, akarudia, akakuna tena.

— Kwa sababu hata ukimshika yeye, inapatana, — alisema mwishowe. — Bi Kubra aliyetoroka. Bi Kubra anatafutwa. Ndoano moja, mizigo miwili, na yote inanyanyuka. Bandarini hilo sijaliona.

— Angepoteza ndoo, — alisema Feroz, — ndoo ya Bi Kubra iliyopotea, nani angemkagua mtu kidevu? Kiti cha Bi Kubra kilichopotea. Safi. Wazi. Anapoteza mbuzi, basi vurugu.

— Sasa kwa nini lugha impe mbuzi kiambishi cha binadamu? — aliuliza Kassimu. Aliuliza kweli, si kwa ubishi. — Mtu anakula, mbuzi anakula. Mtu aliyepotea, mbuzi aliyepotea. Kwani hawakuona tofauti?

— Samaki mmoja akioza wote wameoza, — alisema Mzee Selemani. — Ni roho, Honi. Chenye roho kinapewa "a". Mungu kagawa roho, lugha ikafuata.

— Mti nao unaota, unakufa. Mbona husemi mti "anakufa"?

— Mti hauondoki nyumbani.

— Kwa hiyo ni miguu, siyo roho! — alisema Winchi. — Chenye kuondoka.

— Gari linaondoka.

— Gari linapelekwa.

— Na samaki? Samaki ana mguu gani?

Hapo kila mtu akanywa kahawa. Feroz ndiye aliyerudi wa kwanza, ameshapata nadharia.

— Tatizo ni kwamba Kiswahili hakiulizi jinsia. Nyumbani kwetu tunasema Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Kihindi, nacho kinauliza. Ukisema kaenda, kitenzi chenyewe kinakwambia ni dume au jike. Beberu asingechanganywa na Kubrabai, kama kwetu tunavyomwita, hata dakika moja.

— Na kama angekuwa mbuzi jike?

Feroz akapima.

— Hapo tungekuwa hapa hapa.

— Mimi nawaambia kosa ni la spika, — alisema Winchi. — Hizi spika zimetengenezwa nchi za mbali, hazijui ngeli. Betri ikishuka zinameza viambishi kwanza, maana ndivyo vidogo.

— Zaidi ya hapo, — alisema Feroz. — Ugomvi wote duniani umo humo. Ukienda kusikiliza kesi yoyote, talaka yoyote, mpaka wowote, utakuta mahali fulani kuna "aliye" na watu wawili wamesimama nyuma yake, kila mmoja anasema si mimi. Na matangazo ya ofisini ndiyo balaa: kiima kinaanza kazi asubuhi, kitenzi kikifika, kiima kimeshastaafu.

— Na mbuzi mwenyewe alilisikia tangazo, — alisema Mzee Selemani kwa sauti ya siri.

— Mzee!

— Alisikia. Akaona anatafutwa Bi Kubra. Angejificha kwa nini? Ndiyo maana kakutwa kalala. Mwenda pole hajikwai.

Wakacheka wote, hata Kassimu. Lakini jua lilikuwa linapanda na alasiri haimngoji mtu.

— Sentensi, jamani. Nipeni sentensi.

Feroz akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mtu aliyesoma:

— Tunapenda kuwataarifu kwamba aliyepotea si Bi Kubra, bali ni mbuzi wake, mama mwenye heshima zake, mtulivu, anayejulikana na majirani wote.

— Umemtukuza mbuzi, — alisema Winchi.

— Wapi?

— Mama mwenye heshima zake ni mbuzi hapo. Kamfuata kwa nyuma, kamshika.

Winchi naye akajaribu: mbuzi wa Bi Kubra aliyelewa mabibo amerudi nyumbani salama. Kabla hajamaliza, Kassimu alikuwa ameshika kichwa.

— Yaani sasa nimlevye!

Ndipo Kassimu akatazama chini kwenye mchanga. Alikuwa amependa maneno mengi maisha yake yote. Aliamini tangazo ni kama sahani ya pilau, lazima lijae. Akavua moja moja, akaona kwamba si lazima yote yapande ndoano moja. Kila mzigo unaweza kupata ndoano yake.

— Mbuzi amepatikana, — alisema polepole. — Nukta. Mbuzi huyo ni wa Bi Kubra. Nukta. Bi Kubra hakupotea. Nukta. Bi Kubra yupo.

Hakuna wa kumshika hapo.

— Fupi, — alisema Feroz, kama anayerudisha bidhaa.

— Fupi, lakini hebu nidake, — alisema Kassimu. — Nidake popote. Bi Kubra yupo. Hata upepo ule nusu, inabaki "yupo".

Alikuwa anafurahi. Alirudia sentensi ile ya mwisho akiisikiliza kama mtu anayegonga nazi kujua kama imekomaa, na hakuona kwamba wenzake wameshaacha kumtazama yeye. Walikuwa wanatazama nyuma yake.

Bi Kubra alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mtandio kichwani, mikono ina rangi ya manjano ya binzari. Hakuwahi kuja kijiweni. Wanawake wa mtaa huu hupita tu na salamu.

Kassimu akaruka juu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Mama, samahani sana. Tangazo nimelitengeneza. Alasiri hii hii natoka, napita kote, hadi Mikindani...

— Nimelisikia. Ni zuri. Usilitangaze.

— Lakini mama, watu bado wanadhani...

— Waache wadhani. Kwanza nataka kuuliza kitu.

Mzee Selemani akamsogezea kigoda. Hakukaa.

— Waliosikia mbuzi kapotea, walikuja, — alisema Bi Kubra. Sauti yake haikuwa na hasira; alikuwa anaulizia jambo lililomshinda kulielewa, kama wao walivyokuwa wanauliza tangu asubuhi. — Huyo Rukia wa Magomeni simjui hata kwa sura. Kaja kwa mguu, kamba mkononi, jasho linamtoka. Mwingine kaniletea majani ya kumlisha. Mwingine kaja kunipa pole tu, kwa ajili ya mbuzi. Owais yeye kasikia ni mimi. Kapiga simu kutoka Dar analia, na hakuwa amenipigia tangu mfungo. Sasa ninyi hapa. Mlisikia mbuzi, au mlisikia mimi?

Winchi alitazama viatu vyake.

— Mimi nilisikia wewe, mama. Nilimwambia hata mke wangu. Alisikitika sana.

— Wewe, — alisema Mzee Selemani. — Nilikuombea dua, Bi Kubra. Hapa hapa nilipokaa.

— Feroz?

Feroz alikuwa amekishika kile kitambaa chake kwa mikono miwili.

— Nilisikia ni wewe, Kubrabai.

Bi Kubra akageuka, akanyoosha mkono wake wa manjano. Kutoka benchini nyumba yake inaonekana bila kuinuka: mlango wa buluu, meza ya barazani, chupa za achari zinang'aa juani.

— Nilikuwa mle ndani. Mlango ulikuwa wazi. Mlisikia nimepotea, siku mbili. Nani alikuja kubisha hodi?

Lori la korosho likapita. Vumbi likatanda, likatua, na swali bado liko pale pale. Mzee Selemani alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze kumjua, hakuna methali iliyotoka. Kassimu alijua tangu mwanzo kwamba ni mbuzi. Hakuwa na sababu ya kumtafuta. Lakini tangu jana anajua watu wanasema nini juu ya mama huyu, na mahali alipokimbilia ilikuwa benchini, kuitafutia dawa sentensi.

— Sisi, Kubrabai, — alianza Feroz, maana lazima mmoja aseme, — sisi kama majirani zako, watu wa mtaa mmoja na msikiti mmoja, kwa namna hizo habari zilivyotufikia, na kwa jinsi msimu huu wa korosho ulivyo na pilika zake, hasa kwa mtu mwenye duka, na ukizingatia kwamba wengine wetu hapa...

Kassimu alijikuta anavua. Hakutaka, lakini alishajifunza na sasa haiachi. Akavua majirani, akavua msikiti, akavua habari na namna zilivyofika, akavua msimu, duka, pilika. Likabaki neno moja hewani, *sisi*, na yeye akasubiri kitenzi chake.

Winchi naye alikuwa anasubiri. Ilionekana kwa jinsi alivyokaza macho. Feroz alikuwa anakitafuta, jasho likimtoka, akiongeza kamba juu ya kamba. Bi Kubra alimsubiri kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi amalize.

Kisha, kitenzi kikiwa bado hakijafika, akavuta mtandio wake mbele, akasema "haya", akarudi nyumbani.